Kutoka Likoni Hadi Chamazi: Safari ya Kuifuata Fainali ya CECAFA ya Wanawake

Nilivuka feri ya Likoni alfajiri, siku moja kabla ya fainali, nikiwa na pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na fulana nyekundu ya Kenya niliyoikunja chini kabisa ya mkoba. Ilikuwa Novemba 2019. Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikuwa wameichapa Burundi 5-0 katika nusu fainali ya mashindano ya CECAFA ya wanawake, yaani ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, na wenyeji, Kilimanjaro Queens wa Tanzania Bara, wakawa wameitoa Uganda kwa bao 1-0. Mechi ya mwisho ilipangwa kuchezwa tarehe 25 katika uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Kwa sisi watu wa Pwani, umbali wa kwenda Dar es Salaam haupishani sana na wa kwenda Nairobi, nami ninayefundisha michezo wasichana wa sekondari huko Kwale niliona haifai niwahimize wanafunzi wangu kila jioni kiwanjani halafu fainali kama hii niisikie redioni.

Mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa kubwa kupita kawaida, na kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga maji yalikuwa yametuama kandokando ya barabara, minazi ikiwa imesimama ndani yake. Mpakani tulishuka upande wa Horohoro tu, kwa kuwa kituo ni cha pamoja na msafiri hukaguliwa katika nchi anayoingia. Afisa wa uhamiaji aliponiuliza ninakwenda kufanya nini, nikamjibu kwamba ninakwenda kutazama mpira wa wanawake, aliinua uso kutoka kwenye pasipoti yangu, akanitazama, kisha akasema, "Karibu sana, dada, ila kombe mtaliacha hapahapa." Aligonga muhuri huku akinieleza kwamba Bara walikuwa wamelitwaa mara mbili mfululizo na kwamba la tatu lilikuwa limeshaandikwa. Nilifurahi kuliko alivyodhani. Miaka michache nyuma isingekuwa rahisi kumpata afisa wa mpakani mwenye kumbukumbu za mashindano haya, kwa sababu mashindano yenyewe hayakuwepo.

Hilo ndilo lililonijaa kichwani njia nzima, basi lilipokuwa likipita Tanga, Muheza kwenye machungwa yaliyopangwa kwenye meza za kando ya barabara, na mashamba ya mkonge ambayo mistari yake haimaliziki. Mashindano ya kanda hii kwa wanawake yalichezwa mwaka 1986 huko Zanzibar, na Wazanzibari wenyewe wakawa mabingwa. Baada ya hapo kikapita kimya cha miaka 30. Wasichana waliozaliwa mwaka ule walikua, wakafikia umri wa kucheza, wakaupita, na wengi wao wakawa wazazi, kabla kombe halijarudi Septemba 2016 katika kituo cha Njeru, karibu na Jinja, Uganda. Hapo ndipo Tanzania Bara ilipoifunga Kenya 2-1 katika fainali. Mwaka 2018 wakalitetea Kigali, katika mashindano ya timu tano, ingawa walianza kwa kufungwa 1-0 na Rwanda.

Jirani yangu kwenye basi alikuwa mama wa makamo anayefanya biashara ya vitenge kati ya Mombasa na Kariakoo. Alinisikiliza kwa subira hadi tulipofika Segera, ndipo akaniuliza swali ambalo bado ninalibeba: "Sasa mwanangu, hao Wazanzibari waliokuwa mabingwa, mwaka huu wamefanyaje?" Ilinibidi nimweleze ukweli. Walikuwa wamefungwa 7-0 na ndugu zao wa Bara, kisha 5-0 na Sudan Kusini, na safari yao ikaishia hatua ya makundi. Mama yule alitikisa kichwa, akasema kwamba hata duka likifungwa miaka 30 wateja hawatalikumbuka, na sijasikia mchambuzi yeyote aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi.

Maana hata Sudan Kusini ni ushahidi wa hayo hayo, ila kwa upande wa matumaini. Timu yao ya wanawake haikuwa na historia ya mechi za kimataifa ilipowasili Dar es Salaam. Mechi ya kwanza waliikabili Bara, wakala mabao tisa bila jibu. Ya pili walifungwa 3-0 na Burundi. Ya tatu ndiyo hiyo waliyoshinda 5-0. Kutoka tisa hadi tatu, kutoka tatu hadi ushindi, katika muda usiofika wiki moja! Djibouti nao walipigwa 12 na Kenya na 13 na Uganda, na nilisikia watu wakiwacheka. Mimi siwezi kuwacheka, kwani hakuna timu iliyojifunza kukaba bila kupewa wa kumkaba.

Kutoka Chalinze hadi jijini foleni ya malori ilitula muda mwingi, na usiku nililala kwa binamu yangu Temeke. Kesho yake nilipanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, nikabadilisha na kupanda ya Mbande, ambayo ilikuwa imejaa mashabiki kiasi kwamba kondakta aliacha kuita abiria.

Uwanja wa Chamazi si mkubwa, na uzuri wake ni kwamba ukikaa karibu unauona mpira wenyewe. Nyasi zake ni bandia, na kila mchezaji alipofunga breki, chembe nyeusi za mpira ziliruka chini ya kiatu chake na kumwagikia soksi. Nilivaa fulana yangu na kukaa katikati ya wenyeji, ambao walinipisha kwa heshima zote. Pembeni yangu alikuwa msichana wa darasa la sita hivi, aliyekuja na shangazi yake. Alimtaja kila mchezaji wa Kilimanjaro Queens pamoja na klabu anayochezea: huyu wa JKT Queens, yule wa Simba Queens, yule wa Alliance Girls. Mwanahamisi Omari alipopata mpira, msichana huyo alisimama kabla hata sisi watu wazima hatujajua kuna hatari. Ligi kuu ya wanawake Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17, na mtoto huyu alikuwa na timu za wanawake za kuzikariri tangu alipoanza kuufahamu mpira. Wanafunzi wangu wa Kwale wakati huo walikuwa wakinitajia Messi.

Starlets wa kocha David Ouma waliingia uwanjani wakiwa na deni la mwili. Oktoba walikuwa wameitoa Ghana katika mbio za kufuzu Olimpiki kwa bao la dakika za nyongeza, na Novemba hiyohiyo wakatolewa na Zambia kwa kufungwa 1-0 Lusaka, siku chache tu kabla ya kuja Dar es Salaam. Niliona uchovu kwa baadhi yao walipokuwa wakirudi kukaba. Lakini ulinzi wao haukupasuka, na kipindi cha pili Jentrix Shikangwa, aliyeanza kujulikana katika soka ya shule akiwa Wiyeta, alifunga bao, kisha akaongeza la pili. La kwanza nilipiga kelele. La pili nililia, nami sioni haya kuliandika. Kenya ikawa bingwa kwa mara ya kwanza, bila kuruhusu bao hata moja katika mashindano yote. Msichana wa pembeni yangu alinyamaza kitambo, akaniuliza jina la mfungaji, akalirudia polepole mpaka akalishika.

Baadaye msichana yule hakuhitaji kusafiri ili kulisikia jina hilo, kwani Shikangwa alikuja kucheza Simba Queens, na wasichana wa Dar es Salaam wakampigia makofi kama wao.

Kombe lenyewe halikuwa na bahati hiyo. Mwaka 2020 na 2021 halikuchezwa. Liliporejea Njeru Juni 2022, Uganda ikaifunga Burundi 3-1 katika fainali na kulitwaa nyumbani. Kenya haikuwepo. FIFA ilikuwa imeifungia nchi yetu tangu Februari kwa sababu ya mgogoro wa uongozi wa shirikisho, mgogoro ambao mabinti wale hawakuhusika nao kwa lolote. Mabingwa watetezi walikaa nyumbani na hawakupewa hata dakika moja ya kuutetea ubingwa walioupigania Chamazi.