Kibendera kilichotangulia

Leo ni siku ya 9 tangu kaka apasuliwe moyo. Nimetoka hospitali jioni hii, viatu bado viko miguuni, na nimeona niandike kabla usingizi haujanishinda, maana kuna jambo nimelibeba tangu mwezi uliopita na sijamsimulia mtu.

Namwita kaka ingawa hatukuchangia tumbo. Undugu wetu ni wa kazi. Kwa misimu 11 yeye amesimama kati na kipenga, mimi pembeni na kibendera, na wiki ambazo tumepangwa mechi tofauti simu haikosi kulia jioni: "Mdogo wangu, ya leo ilikwendaje?" Mchezaji akiumia ana daktari wa timu, ana kocha, ana jukwaa zima la kumwimbia jina. Mwamuzi ana wale wawili watatu waliovaa jezi kama yake, basi. Chumba chetu cha kubadilishia nguo, ambacho karibu kila uwanja ndicho kidogo kuliko vyote, ndicho kilichonifanya nimjue mtu huyu kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu wa damu. Najua anafunga kamba za kiatu cha kushoto kwanza. Najua dakika tano kabla ya kutoka hataki kusemeshwa.

Kwa hiyo nilipaswa kuona. Hilo bado linaniuma.

Ulikuwa mtihani wa mbio wa kabla ya msimu. Mita 75 unakimbia, mita 25 unatembea, kisha tena, na tena. Waamuzi wa kimataifa wanaume hupewa sekunde 15 za kukimbia na 18 za kutembea, mara 40. Sisi wa chini yao tunalegezewa kidogo, lakini jasho ni lile lile. Kaka hajawahi kuwa wa mwisho. Safari hii, kwenye mzunguko wa ishirini na kitu, nilimwona anafika kwenye koni kachelewa, mkono kifuani. Akasema ni mafua. Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Mzunguko uliofuata alipiga magoti taratibu, akainama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Daktari wa kwanza alimsikiliza kifua akanyamaza muda mrefu mno. Tatizo lilikuwa vali ya aota, ule mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini. Kwa watu wengi mlango huo una vikope vitatu. Wa kaka ulikuwa na viwili, na alizaliwa hivyo. Mtu mmoja au wawili katika kila 100 huzaliwa hivyo, na wengi huishi miaka mingi bila kujua. Lakini vikope viwili vinafanya kazi ya vitatu, na kadiri umri unavyokwenda vinakakamaa kwa chokaa, upenyo unabana, moyo unazidi kusukuma kwa nguvu. Mwili uliozoea kukimbia kilomita 10 na zaidi katika mechi moja ulikuwa umemfichia ugonjwa wake.

Usiku ule nilikumbuka tarehe 12 Juni 2021, siku moyo wa Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark, uliposimama akaanguka uwanjani Copenhagen katika mechi ya Denmark na Finland, na mwamuzi Anthony Taylor akasimamisha mchezo na kuwaita madaktari ndani ya sekunde chache. Kaka alinipigia kabla hata hatujajua kama kijana yule ataishi. Alizungumzia mikono tu: je, sisi tungejua la kufanya mpaka madaktari wafike? Haukupita muda akatukusanya tujifunze kukandamiza kifua kwenye mwanasesere, katikati kabisa, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita. Yeye alirudia mpaka viganja vikamwuma. Na sasa mtu huyo huyo anaambiwa kwamba moyo wake utasimamishwa kwa makusudi, mashine isukume damu na kupumua kwa niaba yake, halafu uamshwe.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Vali ilipaswa kubadilishwa, na daktari alimpa uchaguzi. Ipo vali ya kaboni, inayoweza kudumu maisha yote, lakini inamlazimu kumeza warfarini kila siku hadi mwisho wake ili damu isigande juu yake. Na ipo vali ya tishu ya mnyama, ng'ombe au nguruwe, ambayo haimfungi na dawa hiyo maisha yake yote, ila huchakaa. Baada ya miaka 10 au 15 huenda kifua kikafunguliwa tena. Kaka ana miaka 46. Mtu anayetumia warfarini akigongwa kichwani anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani, na sisi tunajua ni mara ngapi mwamuzi wa kati anavaana na beki anayerudi kinyumenyume macho yakiwa juu, au anakula shuti la mita tano.

Jioni ile tulikaa watatu, yeye, shemeji na mimi. Karatasi za daktari zilikuwa mezani, amezipanga kwa unadhifu kama anavyopanga kadi zake kabla ya mechi. Hajafungua mdomo, mimi nikasema: "Chukua ya tishu, kaka. Msimu ujao unarudi kati."

Shemeji akatazama chini. Kaka akaniangalia, wala hakuwa na hasira, akasema: "Kibendera kimetangulia."

Kwa asiye mwamuzi nieleze. Mshika kibendera hufundishwa asubiri aone. Mchezaji kuwa mahali pa kuotea peke yake si kosa; kosa ni pale anapoingilia mchezo. Ukinyanyua mapema unaua shambulizi halali, na likishakufa hakuna wa kulifufua. Somo hilo nililipata kwake, msimu wetu wa kwanza, baada ya kufuta bao ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba jicho langu lilikuwa sahihi na mkono wangu ulikuwa na haraka.

Nilienda nyumbani nimenuna. Kitandani ndipo nikaelewa. Nilikuwa najisemea mimi. Sikumfikiria shemeji, ambaye ndiye angekaa tena kwenye kile kiti cha korido, kaka akiwa na miaka 60. Sikumfikiria hata yeye mwenyewe. Niliogopa siku nitakayogeuza shingo kutafuta macho yake pale kati, kama nilivyozoea, nikakutana na ya mtu mwingine.

Asubuhi nikapiga simu kuomba radhi, kisha nikauliza swali ambalo ningelianza nalo: "Unataka nifanye nini?" Akajibu haraka, kama aliyekuwa ameliweka tayari: "Njoo na daftari uniandikie maswali. Nikiwa mbele ya daktari nasahau yote." Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Niliketi nyuma yake, nikaandika. Nani atapima damu yake kujua kama warfarini imezidi au imepungua, na kila baada ya siku ngapi? Aanze kutembea lini? Kwa nini meno yakaguliwe kabla ya upasuaji wa moyo? (Kumbe bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kujishikiza kwenye vali mpya. Yeye alikuwa na jino moja bovu, likang'olewa wiki mbili kabla.) Aliposahau swali nililisoma kwa sauti ya chini. Alipopewa jibu sikutoa maoni.

Alichagua ya kaboni. "Sitaki shemeji yako asubiri mara mbili," akasema. Nikaliandika nalo daftarini, sijui kwa nini.

Wenzetu walimimina ujumbe siku mbili za mwanzo hadi simu yake ikawa haishiki chaji, kisha wengi wakanyamaza. Siwalaumu, watu hawajui la kusema. Nikafanya kama wanavyofanya wanaotupangia mechi: nikagawa. Huyu atawachukua watoto shule Jumatatu na Jumatano. Huyu atawapa wengine taarifa, ili shemeji asirudie habari ile ile mara 30 kwa siku. Huyu atalala hospitali usiku wa pili. Mtu akipewa zamu yake anakuja, akiambiwa "ukihitaji chochote sema" haji. Na kwa kuwa mwamuzi asiyepangwa mechi halipwi, kila mmoja alitoa posho ya mechi moja, hata wale vijana waliopata beji juzi. Yupo mmoja aliyeuliza, tarehe ya upasuaji haijatoka bado, mechi za kaka zitapewa nani. Sijamsamehe. Najitahidi.

Usiku wa kuamkia upasuaji shemeji alienda kuoga, nikabaki naye. Kifua kilikuwa kimenyolewa, kimesafishwa kwa dawa, na ngozi ile isiyo na hata unywele ilimfanya aonekane kijana. Hakutaka habari za upasuaji. Akataka nimsimulie mechi yangu ya Jumamosi, dakika kwa dakika. Nikaanza. Dakika ya 34 akanizuia: "Hapo wewe ulikuwa umesimama wapi?" Nikamwonyesha kwa vikombe viwili vya plastiki. Akasogeza kimoja kidogo. "Ungekuwa hapa ungemwona beki wa pili." Ni kweli, ningemwona.

Halafu akasema, macho yakiwa bado kwenye vikombe: "Naogopa kutoamka."

Maneno yote yalikuja mdomoni. Utaamka. Mungu yupo. Madaktari wako ni wazuri. Nikayazuia. Nikamshika mkono tu, nikasubiri. Ilipita dakika nzima, labda zaidi, na ulikuwa ukimya mzito kuliko wowote niliowahi kuukaa. Kisha akaendelea. Akasema binti yake mkubwa asidanganywe, aambiwe kila kitu kama kilivyo. Akasema zile karatasi za nyumba ziko wapi. Akasema kuna mechi moja, miaka mingi iliyopita, alitoa penalti ambayo haikuwa penalti, timu ikashuka daraja, na hajawahi kukiri mbele ya mtu. Alipomaliza alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yameshuka. Ningesema "utaamka" yale yote yangebaki ndani, akaingia nayo kwenye nusu kaputi.

Siku yenyewe siwezi kuisimulia vizuri. Ni mlango, na shemeji, na saa ya ukutani. Daktari alipotoka alivua kofia kwanza kabla ya kusema, na katika ile sekunde moja miguu yangu ilikufa. Kisha akatabasamu. Tulipomwona chumba cha wagonjwa mahututi alikuwa na bomba mdomoni na mirija miwili ikitoka chini ya kifua, uso umevimba, mikono ya baridi. Shemeji akambusu paji la uso. Mimi nikasimama pembeni, mahali pangu.

Siku ya 5 alilia tangu asubuhi bila sababu. Muuguzi akatuambia wengi hupitia hali hiyo baada ya upasuaji wa moyo, na kwamba ikiendelea kwa wiki kadhaa tusiifiche, tumwambie daktari. Nimeiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Mfupa wa kidari ulikatwa katikati ukafungwa kwa nyaya, utachukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Haruhusiwi kunyanyua kitu kizito, kuendesha gari, wala kujivuta kwa mikono akitoka kitandani. Akitaka kukohoa anaukumbatia mto kwa nguvu, anafumba macho, anakohoa kidogo, kisha ananitazama kama aliyeshinda mpira wa juu.

Na vali inasikika. Sikujua. Leo shemeji alipotoka na chumba kikatulia, niliisikia: tik, tik, tik, ndogo na kavu, kama saa iliyofichwa chini ya shuka. Nikamwuliza kama inamsumbua. "Usiku wa kwanza ilinitisha," akasema. "Sasa ikiwa kimya ndipo nitaogopa."

Mtaalamu wa mazoezi amemruhusu kutembea korido mara kadhaa kwa siku, asizidishe dakika nane. Tumetoka jioni hii, yeye mbele na mto kifuani, mimi nusu hatua nyuma upande wa kushoto, na saa yangu ya mechi mkononi. Hakuuliza habari za msimu ujao, nami sikuzigusa. Alipofika dirisha la mwisho akasimama, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, puani taratibu.

"Ngapi?"

"Sita."

Akaangalia korido yote hadi mlango wa wodi yake. Akauhamishia mto mkono wa kushoto, akanyanyua wa kulia hadi usawa wa bega, panapoishia ruhusa ya daktari, akanionyesha vidole viwili.