Subaru Impreza WRX inamisi turbo ikivuta: nilivyoipata koili mbovu hapa Mtwara

Gari ni Impreza WRX ya 2001, bodi GDA, injini EJ20 ya turbo. Likiwa limesimama lilinguruma vizuri. Mizunguko ya mjini, Shangani hadi sokoni, hukuona tatizo. Ila ukishaingia barabara ya Mikindani, ukakanyaga mafuta kwenye gia ya tatu na turbo ikaanza kusukuma hewa, linashtukashtuka na kukosa nguvu. Ukiachia pedali, linatulia.

Dalili hiyo tayari ni nusu ya jibu. Kadiri hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyopata taabu kuruka. Gari likiwa limesimama, hata koili iliyochoka (koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa volti nyingi) inamudu. Turbo ikijaza silinda, volti zinazohitajika zinapanda, na umeme unatafuta njia nyepesi: unaacha pengo la plagi, unapenya kwenye raba ya koili iliyochakaa na kuishia kwenye chuma cha kichwa cha silinda. Mafuta hayawaki, na huko ndiko kumisi. Yakienda mabichi kwenye ekzosi yanaungulia ndani ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) na kuiharibu, kwa hiyo gari linalomisi si la kuendelea kulikimbiza.

Jambo moja kwa wasiozizoea Subaru: ule mlio wa kubwatabwata wa ekzosi si kumisi. Mabomba ya ekzosi ya injini hizi hayalingani urefu, na mlio unatokea hapo. Kumisi utakuhisi kwenye kiti, gari linapokatika nguvu.

Kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi. Silinda namba 1 iko mbele kulia, namba 3 nyuma yake. Namba 2 mbele kushoto, namba 4 nyuma yake. Kulia ni upande wa dereva. Mpangilio wa kuchoma ni 1-3-2-4. Mashine ya kupima ikikubali kusoma, kodi (namba ya hitilafu) P0301 hadi P0304 inakutajia silinda yenyewe, na hapo kazi ni rahisi: hamishia koili ya silinda hiyo kwa jirani wa upande uleule, futa kodi, endesha, soma tena. Kodi ikihama, mbovu ni koili. Ila vile vimashine vidogo vya bluetooth mara nyingi haviungani na magari ya soko la Japani ya miaka hiyo, na kwangu hakikuungana.

Mafundi wengi wakikosa mashine huchomoa soketi ya koili mojamoja injini ikiwa inanguruma, wakisikiliza ipi haibadilishi mlio. Njia hiyo inakamata koili iliyokufa kabisa. Koili inayoshindwa kwenye mzigo tu itafaulu mtihani huo kila mara. Kupima omu kwa maltimita nako hakusaidii hapa: koili hizi zina pini tatu na kifaa cha kielektroniki ndani yake, kwa hiyo namba utakayoipata haikwambii kitu. Maltimita itumie kwenye soketi ya waya. Swichi ikiwa imewashwa, pini moja iwe na volti za betri, na pini ya ethi isionyeshe tofauti ya maana na ncha hasi ya betri. Hapa pwani hicho ni kipimo cha lazima, maana chumvi ya bahari inaota ukijani kwenye pini na boliti za ethi. Pini safisha kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia viungio vya umeme. Msasa unakwangua ule utando wa madini unaozuia kutu.

Kufungua kunataka injini baridi kabisa. Vichwa vya silinda ni vya alumini, na plagi ikitolewa ya moto inaweza kuondoka na nyuzi zake. Upande wa kushoto nilitoa betri, nikianza na ncha hasi, kisha tanki la maji ya waipa. Upande wa kulia nilitoa boksi la chujio la hewa na soketi ya sensa ya hewa. Koili moja imeshikwa na boliti moja ya spana namba 10. Izungushe kidogo kulia na kushoto ndipo uivute. Ukiivuta kwa nguvu moja kwa moja raba inakatikia ndani. Kabla ya kugusa plagi puliza shimo kwa upepo. Mchanga wa huku ni laini na unaingia kila mahali, na chembe ikidondokea ndani ya silinda ni hasara nyingine.

Soketi ya plagi ni milimita 16. Chesisi iko karibu sana na kichwa cha silinda, hasa namba 4, kwa hiyo usiunge vifaa vyote nje ukategemea vitapita. Ingiza soketi kwanza, uibandike ekstensheni fupi ikiwa mle ndani, halafu raketi.

Namba 1, 2 na 3 zilitoka kavu. Namba 4 ilitoka inang'aa oili, raba imevimba na kulegea, na ndani yake kulikuwa na mstari mwembamba mweusi. Mstari kama huo ulikuwepo pia kwenye kauri ya plagi, umeshuka wima hadi kwenye chuma. Huo ndio unyayo wa umeme uliotoroka. Usiuchanganye na ile pete ya kahawia inayozunguka kauri pale inapokutana na chuma: pete ni ya kawaida na haina madhara. Mstari wima ukiuona, plagi na raba vyote havifai tena, hata ukivisugua vipi.

Hata hivyo sikununua koili nne. Niliweka kwanza plagi mpya namba 4 na kurudisha koili ya zamani. Gari likamisi vilevile. Nikaazima koili nzima ya gari kama hilo, nikaifunga hapohapo bila kugusa kingine, na kumisi kukaisha. Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati ndiko kunakokwambia ukweli. Kama kumisi kungebaki, ningekwenda kwenye nozeli za mafuta na kupima kompresheni (mgandamizo wa silinda), na silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, hakuna koili itakayoiponya.

Sasa oili. Imetoka kwenye gasketi za mashimo ya plagi zilizo ndani ya tapeti kava (kifuniko cha vali). Ziko mbili kila upande. Zikishakauka na kuwa ngumu zinavujisha, na koili mpya ukiifunga juu ya gasketi hizo itafuata njia ya ile ya kwanza. Nilibadilisha zote nne pamoja na gasketi kubwa za kava na raba za boliti zake. Silikoni weka kidogo tu, kwenye kona ambapo kofia za kemu zinakutana na kichwa cha silinda. Ikizidi inamegekea ndani na kusafiri na oili.

Spea niliagiza Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Mtumie muuzaji namba ya chesisi na picha ya soketi ya koili. Kusema "Subaru turbo" hakutoshi, kwa sababu koili za Impreza zilibadilika kati ya matoleo. Plagi ni NGK PFR6G. Za bandia zimejaa. Jaribu kuitoa ile washa ya chini (pete ya chuma kwenye nyuzi) kwa kidole: kwenye plagi halisi inazunguka lakini haitoki, kwenye nyingi za bandia inachomoka. Ile 6 ndiyo kipimo cha joto, na kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Joto la Mtwara si sababu ya kuhama 6. Presha ya turbo iliyoongezwa ndiyo sababu.

Pengo liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Ukilirekebisha, kunja ncha ya pembeni tu, usiegemeze kitu kwenye ncha ya katikati. Plagi ianzishe kwa mkono, ukiwa umeichomeka kwenye kipande cha mpira wa mafuta: ikikaa vibaya mpira utateleza kabla nyuzi hazijaharibika. Kaza hadi Nm 21, nyuzi zikiwa kavu bila grisi. Grisi maalumu ya umeme inapakwa kidogo kwenye mdomo wa raba ya koili, si kwenye nyuzi.

Kujaribu, chukua mzigo wa kweli: gia ya tatu au ya nne, mafuta hadi chini kuanzia mizunguko 2,500 ya injini kwa dakika. Kilima cha kupanda Newala kutokea upande wa Masasi kinatosha kuumbua koili yoyote dhaifu. Baada ya kama kilomita 1,000 chomoa koili namba 4 uiangalie. Ikiwa na oili tena ilhali gasketi ni mpya, kagua vali ya PCV (inayopitisha mvuke wa ndani ya injini) na mipira yake. Ikiziba, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili nje kupitia popote palipo dhaifu.