Kahawa Isiyo na Haraka: Kupanda Marangu Msimu wa Mavuno

Kutoka Himo kwenda Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, joto linakuaga njiani. Himo ni vumbi, jasho na mabua ya mahindi yaliyokauka. Daladala ikishaanza kupanda, migomba inafunga pande zote mbili za barabara, na abiria waliokuwa wanagombania dirisha wazi wanaanza kuombana walifunge. Kwa wastani, kila ukipanda mita 100 joto hupungua nusu digrii na ushee. Moshi mjini ni mita 800 na kidogo. Nilikokuwa naelekea ni karibu 1,500. Kwa hiyo ni digrii nne hivi, na safari yangu yote ilikuwa kufuata hizo digrii nne, nione zinaifanyia nini kahawa.

Marangu Mtoni nikapanda bodaboda hadi kwa mwenyeji wangu, mzee anayelima kihamba, yaani shamba la mseto linalozunguka nyumba, cha ukoo wao. Nikampa shikamoo, akaitikia, nami nikaanza kuulizia mikahawa hata kabla sijaketi.

“Kaa ule kwanza, mjukuu wangu,” akasema. “Kahawa haikimbii.”

Ukweli ni kwamba jibu lake lilikuwa limeshamaliza nusu ya somo. Kihamba chake kina migomba juu, mikahawa chini yake, magimbi kando ya mfongo, mfereji unaoleta maji kutoka msituni, na mringaringa mkubwa unaopunguza makali ya jua la mchana. Udongo ni wa volkano, mwekundu, hautuamishi maji lakini haukauki upesi, na samadi inatoka kwa ng'ombe wa zizini nyuma ya nyumba. Yote hayo yanafanya kazi moja: mti usiharakishwe. Arabika huchukua kama miezi saba hadi tisa kutoka ua hadi tunda kuiva, na ubaridi unauvuta muda huo uwe mrefu zaidi. Tunda linalokawia mtini linajaza sukari, na punje iliyo ndani inashikamana, inakuwa nzito na ngumu.

Babu akanionyesha kwa macho. Kwenye kibao aliweka punje zake zilizokobolewa, na pembeni punje za shemeji yake mwenye shamba huko chini, karibu mita 1,100. Za chini zilikuwa zimepauka, mstari wa katikati umeachama. Za juu zilikuwa na kijani kinachoelekea bluu, mstari umebana na kujipinda kama kovu lililopona vizuri. Anayekaanga kahawa anaijua tofauti hiyo hata akiwa amefumba macho, maana punje ngumu inadai moto zaidi na inapasuka kwa kuchelewa.

Lakini urefu tusiuabudu. Minas Gerais, Brazil, wanavuna arabika nzuri kwenye mita 1,000 tu, kwa sababu wako mbali na ikweta na ubaridi umewashukia huko huko chini. Sisi tuko digrii 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ubaridi tunaufuata mlimani.

Na ubaridi una gharama zake, ambazo pakiti za kahawa hazizitaji. Ugonjwa wa chulebuni unapenda huko huko juu kwenye baridi na unyevu, unaozesha tunda likiwa bado bichi. Kutu ya majani husumbua zaidi walio chini kwenye joto. Mzee anapiga dawa ya kopa msimu hadi msimu, na bei ya dawa haijali kahawa yako ina utamu gani. Halafu matunda hayaivi pamoja. Tawi moja lilikuwa na tunda jekundu, la njano na la kijani yakigusana. Mchumaji anachukua jekundu, anaondoka, anarudi tena baadaye kwenye tawi lile lile, wiki baada ya wiki. Anayekamua tawi zima kwa mkupuo amevuna mapema, lakini ameuza mlima kwa bei ya bonde.

Jioni binti yake alimimina mavuno kwenye ndoo ya maji, akaengua yaliyoelea, kisha akaanza kuzungusha mashine ya kumenya. Punje zikavundikwa ili ute ulegee. Kwa shemeji kule chini, usiku mmoja huwa unatosha; hapa baridi inachelewesha hata uchachu. Saa haitumiki. Asubuhi aliingiza mkono, akasugua punje kwenye kiganja: bado zinateleza, akafunika. Mpaka zikwaruze kama changarawe ndipo huoshwa na kuanikwa kwenye chanja, zikifunikwa kila ukungu unaposhuka.

Sampuli za mashamba yote mawili nilizipeleka Moshi kwa rafiki yangu mwonjaji. Akasaga, akamwagia maji ya moto, akasubiri dakika nne, akavunja povu kwa kijiko, kisha akavuta kwa ule mfyonzo wa kelele. Ya juu ilikuwa na ukali wa tunda, kama zabibu mbichi, na ladha iliyokaa mdomoni. Ya shemeji ilikuwa tulivu, safi, nzito kidogo. Alizipenda zote mbili. Akanionjesha na ya tatu, kutoka juu kuliko ya babu, iliyovundikwa ikapitiliza: ilinuka siki. Mita zake zote zilikuwa zimemwagika kwenye ndoo.

Swali lililobaki ni la nafasi. Joto likizidi, watu husema kahawa itapanda mlima. Ipande wapi? Juu ya vihamba kuna ukanda wa msitu wa Nusu Maili, na juu yake Hifadhi ya Taifa. Babu hana mita nyingine 100 za kuhamia, kwa hiyo anaongeza miti ya kivuli na kujaribu miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, inayovumilia magonjwa, huku akiacha kona moja ya mikahawa ya zamani aliyoachiwa na baba yake.

Kichekesho ni kwamba Japani jina “Kilimanjaro” hutumika kwa arabika ya Tanzania karibu yote, isipokuwa ya Bukoba. Kahawa ya Mbinga, kusini kabisa, inanyweka Tokyo kwa jina la mlima ambao haijawahi kuuona. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, nao wana milima yao, na ubaridi wao. Msimu ujao nitapanda basi la Songea.