Salamu Chini ya Ukuta

Desemba 1996 nilikuwa na miaka 15, na Mombasa nilikuwa naijua kwa mdomo wa mama tu. Mama ni mzaliwa wa Kibokoni aliyeolewa Tanga, na kila cha kwetu alikipima kwa cha kwao: mahamri ya huku hayafuri, kahawa ya huku nyepesi. Likizo ile akanipandisha basi. Horohoro, Lunga Lunga, Ukunda, kisha feri ya Likoni, na ng'ambo ya pili mjomba kasimama na kanzu yake, ananipungia mkono.

"Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Mama alikuwa akituita hivyo nyumbani pale anaposahau kwamba yuko Tanga. Sisi tunasema njoo. Siku zote nilidhani ni neno lake peke yake. Kumbe ni la mji mzima. Nikasikia raha ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri.

Siku mbili za mwanzo tulitembea Mji wa Kale. Ni mji mdogo. Ukianza asubuhi kwa mwendo wa taratibu, adhuhuri haijaadhiniwa umesharudi ulipoanzia. Tulipita Ndia Kuu chini ya roshani za mbao, tukaswali Msikiti wa Mandhry uliojengwa 1570, tukashuka Bandari ya Kale kutazama majahazi. Lakini kilichonishika zaidi ni mama mmoja wa viazi karai. Alikuwa akichovya kiazi kwenye unga wa manjano kwa ncha za vidole, anakiachia mafutani kikiwa karibu kabisa na mafuta ili yasiruke, na mkono wa pili unamimina ukwaju kwenye sahani ya mteja bila yeye kuutazama. Nilisimama pale hadi mjomba akanivuta.

Siku ya tatu nikaomba kupelekwa Ngomeni, yaani Fort Jesus. Mjomba hakujibu. Nyumba yake haikuwa hata dakika tano kutoka pale. Usiku, baada ya chakula, ndipo aliposema, "Haya, kesho." Mkewe akamtazama sana.

Langoni alinilipia, akajilipia, kisha akasimama. Watu wakatupita. Nilidhani anatafuta kitu mfukoni.

"Siyawahi kungia humu," akasema.

Ndani, mimi ndiye niliyekuwa natangulia na kumsomea maandishi. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaichukua. Kulikuwa na vyombo vya kauri vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Santo António de Tanna, iliyozama pale mbele ya ngome 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Kulikuwa na ukuta ambao Wareno waliuchora kwa makaa na udongo mwekundu, merikebu na milingoti yake, mistari ya mtu mwenye siku nyingi na kazi chache. Hapo nilikaa muda mrefu. Mjomba alikuwa akiitikia tu, "Naam, naam," macho yake yakipima madirisha.

Kisha nikafika kwenye maneno yaliyosema kwamba tangu 1895 hadi 1958 ngome hii ilikuwa jela, na 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mjomba akanigusa bega nisiendelee. Tukapanda juu ya ngome, upande wa bara, pale handaki lilipochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Akainama, akaangalia chini.

"Babu yako alifungwa humu. 1954. Miezi minane, kwa ugomvi wa bandarini." Akanyoosha kidole. "Hapo, ng'ambo ya handaki, mamangu akinileta kila Ijumaa alasiri. Akiniambia, muamkie babako. Nami nikiuamkia ukuta."

Alikuwa na miaka 10. Mama yangu alizaliwa mwaka uliofuata, na nyumbani kwetu jambo hili halikuwahi kutajwa. Nilipomuuliza mama baadaye, alikaa chini.

"Alikuwa akikusikia?" nikamuuliza mjomba pale juu.

"Siyui. Alipotoka hakusema, nami sikumuuliza, na sasa hayuko." Alikuwa bado anatazama chini. "Toka nde. Nenda hapo uniamkie."

Nikakimbia. Nikatoka langoni, nikazunguka kuufuata ukuta, jua la saa nane limenikalia utosini. Kutoka chini ule ukuta si ule niliokuwa nimesimama juu yake. Unapanda moja kwa moja kutoka kwenye mwamba, na huwezi kujua jiwe la Mungu limeishia wapi na la binadamu limeanzia wapi. Kule juu niliona kofia yake tu, nyeupe.

"Shikamoo, mjomba!"

Ikapita matatu na honi yake. Nikarudia. Kofia haikusogea. Nikavuta pumzi, nikaweka viganja mdomoni, nikaita mara ya tatu kwa nguvu zangu zote, hata mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu akageuka.

Kimya kidogo. Kisha, nyembamba lakini kamili, ikashuka: "Marahaba!"

Mwaka 2011 UNESCO walipoiandika Ngome kwenye orodha ya urithi wa dunia, mjomba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilisoma habari ile mara mbili, nikitafuta kama wametaja upande ule wa handaki.

Siku ile niliporudi juu nilimkuta amekaa kwenye mzinga wa kale, mikono mapajani.

"Ulipaza sana?"

"Sana. Mara ya tatu."

Akafikiri.

"Mimi sikipaza," akasema. "Mamangu akinambia nisipige kelele."

Akaondoka mzingani, akakung'uta kanzu, tukashuka kwenda kuswali alasiri.