Hukugusa mai

Jana mchana zamu ilikuwa ya watu wawili, na mwenzangu alikuwa amevuka kutoka hapa kisiwani Lamu hadi Mokowe kumsindikiza mgonjwa aliyehamishiwa bara. Nikabaki peke yangu na wodi nzima ya wanawake.

Kitanda cha tatu kuna mama mwenye mpira wa mkojo. Nilimkuta mfuko umelala sakafuni, nikauokota, nikautundika ubavuni mwa kitanda, chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi ndani. Halafu nikasogea kwa bibi wa kitanda cha nne, mwenye kidonda cha kisukari mguuni. Nilikuwa nimeshaanza kufungua bendeji alipouvuta mguu wake.

"Mwanangu," akasema taratibu, "umetoka kwa yule, hukugusa mai." Mai kwa Kiamu ni maji.

Nikamwonyesha mikono. "Bibi, nina glavu."

Akazitazama kama anayeuziwa samaki wa jana. "Si ndizo hizo ulizomshikia yeye?"

Uso ukanichoma. Wa kitanda cha tano akajifanya amelala.

Chuoni tulisomeshwa habari za daktari Semmelweis wa Vienna. Mwaka 1847 aliona madaktari wakitoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha na mikono ile ile, na akina mama wakifa kwa homa ya uzazi. Akawalazimisha kunawa mikono kwa maji yenye klorini, vifo vikashuka sana. Wenzake wengi wakanuna: vipi daktari aambiwe mikono yake ndiyo inayoua? Darasani nilicheka. Jana nilinuna mimi, tena kwa nusu dakika nzima, kabla sijazivua zile glavu na kwenda kwenye mfereji.

Maana bibi alisema kweli. Glavu zile zilinilinda mimi na mkojo wa kitanda cha tatu. Yeye zilikuwa zinampelekea, moja kwa moja kidondani.

Nimelifikiria usiku kucha. Baada ya kushika damu au usaha sijawahi kusahau kunawa, kinyaa hunisukuma. Ninachosahau ni kunawa kabla ya kumgusa mtu, au baada ya kushika reli ya kitanda na kikombe chake tu, hata yeye mwenyewe sikumgusa. Hapo hakuna kinyaa cha kunikumbusha, na anayeumia si mimi.

Visingizio ninavyo. Sabuni na maji inatakiwa sekunde 40 hadi 60, na ukiwa peke yako hizo ni nyingi. Dawa ya spiriti ni sekunde 20 hadi 30, lakini chupa ya upande ule ilikuwa tupu tangu asubuhi, nami nimeipita mara ngapi sijui bila kuibadilisha.

Basi nikanawa. Viganja, migongo ya mikono, baina ya vidole, gumba, ncha za kucha kwenye kiganja. Bibi alikuwa akinifuata kwa macho kutoka kitandani.

"Na pete? Ukitia udhu waifanyaje?"

Pete yangu ya ndoa ina kijiwe. Kwenye udhu naichezesha kila siku maji yapite, sihitaji kuambiwa. Wodini, miaka sita, sijawahi hata kuigusa. Nilipoivua jana nilikuta chini yake uchafu mweupe wa sabuni kuukuu, laini kama ugoro uliolowa. Nikaifunga kwa pini ndani ya mfuko wa sare, nikaanza kunawa upya.

Jioni wajukuu wa bibi walikuja kumtazama. Kama kawaida ya hapa Lamu, wakambusu mkono mmoja mmoja, kisha wakazunguka kuwaamkia wagonjwa wote, mkono kwa mkono, kitanda kwa kitanda. Siku nyingine ningewakemea. Jana nilijaza ile chupa ya spiriti, nikasimama nayo mlangoni, nikawamiminia wakiingia na wakitoka bila kusema neno.

Nyumbani mume wangu amekiona kidole kitupu wakati wa chakula. Hakuuliza, mkate tu ulikatika kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Kesho nitamweleza. Pete yenyewe bado iko kwenye sare, na sare imelowekwa.