Kalamu inayoletwa ukiwa umezidiwa

Juzi mama mmoja Mkongomani aliniletea laptop ya kijana wake hapa dukani kwangu, mtaa wa Luthuli, Nairobi, haiwaki, na kijana ako na mtihani. Nikaifungua nikapata shoti kwa laini ya chaja, na shida yenyewe ilikuwa kapasita moja ya manjano, ndogo kama punje ya mchele, ishaungua upande mmoja ikawa nyeusi. Hizo za manjano ni za tantalamu. Fundi yeyote wa hii mtaa anazijua, ziko na mstari upande wa chanya, ukizichomea kinyume zinalipuka na ule moshi unanuka dukani mpaka jioni. Nikaitoa na kibano nikamwonyesha, nikamwambia mama, ndani ya hii kitu kuna koltani, yale mawe tantalamu inatolewa, na koltani nyingi inatoka kwenu. Akafungua kiganja nikamwekea hapo. Akaiangalia sana. Halafu akasema, kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Papa, banapenda majiwe kupita batu." Yaani wanapenda mawe kuliko watu.

Alitoka Bukavu, mashariki ya Kongo, Februari 2025 waasi wa M23 wakiingia. Dada yake alibaki, baadaye akakimbilia mji wa Uvira, na Desemba Uvira nayo ikachukuliwa. Hiyo Desemba ndio nataka kuongea, juu tangu siku hiyo hii stori haijanitoka kichwani.

Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walikaa Washington na Trump wakasaini mambo ya amani, rais wetu Ruto akiwa hapo kushuhudia, na siku hiyohiyo Kongo na Marekani wakasaini mkataba wao wenyewe wa ushirikiano ambao kiini chake ni madini. Kampuni za Marekani zinapata nafasi ya kwanza kwa baadhi ya maeneo ya madini ya Kongo, na Kongo nayo inategemea Marekani imsukume jirani Rwanda atoe mkono wake vitani. Hata wiki haikuisha, Uvira ikaanguka. Yaani wino haujakauka vizuri na mama mmoja anapigia dada yake simu haishikwi.

Sasa mimi si mtu wa siasa, mimi ni fundi, lakini kuna kitu nimewahi kuona na macho yangu na ndio maana hii habari inaniuma hivi.

Mwaka wa 2014 baba mdogo alilazwa hospitali moja ya kulipia hapa Nairobi, figo. Bili ilikuwa inapanda kila siku kama mita ya teksi, tumechanga, tumefanya harambee, tumekopa kwa chama, haifiki. Kulikuwa na rafiki wa familia, mtu alikuwa anakuja kila jioni na matunda, alikuwa hata anaomba na sisi. Siku moja akaja na wakili. Alikuwa tayari kulipa bili yote, hapo hapo, lakini alikuwa anataka ile nusu ekari iko karibu na lami. Baba mdogo alikuwa na dripu kwa mkono wa kulia kwa hivyo kushika kalamu ilikuwa ngumu, wakafungua ile pedi ya wino, wakachukua kidole gumba cha kushoto. Mimi ndiye nilishikilia karatasi isiteleze kwa blanketi. Shamba ilienda kwa bei ambayo siku ya kawaida haingenunua hata robo yake. Na yule rafiki akasema, mbele yetu sote, ati hata kliniki za baadaye atasaidia nazo, asiwe na wasiwasi. Hiyo ya kliniki haikuandikwa mahali popote.

Baba mdogo alipona. Akarudi nyumbani. Kliniki alilipa mwenyewe, kila mwezi, akiuza mbuzi mmoja mmoja. Hakuna mtu alimwibia, sahihi ni yake. Ndio maana nikisikia nchi iko vitani imeletewa karatasi ya madini na rafiki yake, siulizi kwanza madini ni ya pesa ngapi, nauliza ni gani imeandikwa na ni gani imesemwa tu na mdomo.

Chukua Ukraine. Februari 2025 Trump alikuwa anasema anataka madini ya dola bilioni 500 kurudisha msaada Marekani ilishatoa, waziri wake wa fedha Scott Bessent akaenda Kyiv na karatasi, rais wao Zelensky akakataa kusaini, akasema hawezi weka sahihi kwa kitu kitalipwa na vizazi 10 vya Waukraine. Tarehe 28 wakakosana pale Ikulu ya Marekani mbele ya kamera, dunia yote ikaona, na siku chache baadaye msaada wa silaha ukasimamishwa na habari za kijasusi pia zikakatwa mpaka walipokutana Jeddah tarehe 11 Machi. Hapo ndio utaona uchungu wa hii biashara, juu unabishana bei na mtu ambaye ndiye ameshika dripu yako. Akitaka anaifunga kidogo tu, haichukui hata wiki mbili, halafu anakuuliza tena.

Lakini hao watu walibishana. Hiyo lazima niwape. Miezi miwili na kitu walikaa kwa hiyo karatasi neno kwa neno, na ile ilisainiwa tarehe 30 Aprili, kati ya Bessent na Yulia Svyrydenko, aliyekuwa waziri wa uchumi wa Ukraine, ilikuwa tofauti kabisa na ile ya kwanza. Msaada wa zamani haukuhesabiwa kama deni. Ardhi na vilivyo chini yake vikabaki mali ya Ukraine, katiba yao inasema ni vya wananchi. Wakaunda mfuko wa pamoja wa uwekezaji, usimamizi nusu kwa nusu, na kile Ukraine inaweka ndani ni nusu ya mapato ya leseni mpya za uchimbaji, zile za zamani hazikuguswa. Marekani nayo ikitoa silaha mpya zinaweza kuhesabiwa kama mchango wake. Kisha tarehe 8 Mei bunge lao likapiga kura, 338 wakaunga mkono. Wabunge waliuliza maswali.

Na bado kliniki haikuandikwa! Hakuna mahali kwa huo mkataba Marekani inajifunga kulinda Ukraine ikishambuliwa. Watu walisema aa, Wamarekani wakishakuwa na migodi huko hawataacha iguswe, hiyo yenyewe ni ulinzi. Hiyo ni maneno ya rafiki wa matunda. Mgodi unachukua miaka, kutoka kutafuta mpaka kuchimba unaweza kupita miaka 10 na zaidi, na vita viko leo usiku. Juni 2025, hata miezi miwili haijaisha tangu sahihi, Warusi walichukua kijiji cha Shevchenko kule Donetsk, mahali kuna moja ya akiba kubwa za lithiamu za nchi hiyo. Madini yaliyoahidiwa yakaenda na kijiji.

Hapo ndio naona hii biashara iko kinyume na vile watu wanaielezea. Anayepigana anatoa kitu cha kesho, cha kina wajukuu, na anapewa kitu cha leo ambacho kinaisha leo. Risasi ikipigwa imeisha. Leseni inakaa miaka na miaka.

Turudi Kongo juu huko ndio stori imezeeka. Mwaka wa 1940, Edgar Sengier, mkubwa wa ile kampuni ya Wabelgiji Union Minière, alisafirisha tani kama 1,200 za madini ya urani kutoka mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga mpaka Staten Island, New York, yakawekwa ghalani huko. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua na urani ya Kongo ikaingia kwa bomu la Hiroshima. Huo ulikuwa msaada kati ya washirika, Ubelgiji na Marekani, wote upande mmoja wa vita. Mkongomani aliyeshika sururu hakuwa mshirika wa mtu, hakuulizwa chochote.

Halafu 1998. Rais wa Kongo Laurent Kabila amezidiwa, waasi wanaosaidiwa na Rwanda na Uganda wanakaribia Kinshasa, Zimbabwe, Angola na Namibia zikaleta majeshi kumwokoa. Mugabe alituma askari ambao walifika zaidi ya 10,000. Na bili ikaja kwa njia ya madini, kampuni zenye uhusiano na jeshi la Zimbabwe zikapewa eneo la almasi karibu na Mbuji-Mayi, mambo ya kobalti na mbao pia, jopo la Umoja wa Mataifa lilieleza hayo yote 2001 na 2002. Hao walikuwa marafiki. Wale maadui, huko mashariki, walikuwa wanachukua bila karatasi. Mtu wa kawaida wa Mbuji-Mayi alikuwa kati ya aliyesaini na asiyesaini, na kwake tofauti sijui ilikuwa gani.

Na si ati ni Waafrika peke yao wanabanwa hivi. Septemba 1940 Uingereza ikiwa inapigwa mabomu ilichukua meli za vita 50 kuukuu za Marekani na ikatoa vituo vya kijeshi kwa miaka 99, vingi vyake kule Karibiani, visiwa ambavyo wenyeji wake hawakuulizwa. Na ule mkopo Uingereza ilichukua 1946 baada ya vita, malipo ya mwisho yalitoka Desemba 2006. Miaka 60. Kwa hivyo hata mwenye nguvu akizidiwa analipa, lakini angalau yeye anaweza lipa na kisiwa cha mtu mwingine.

Kitu kinaniuma zaidi na hii ya Kongo ya sasa ni Rubaya. Ule mgodi uko Masisi, Kivu Kaskazini, unatoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, na M23 waliuchukua Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema wanapata kama dola 800,000 kwa mwezi kwa ushuru wa hiyo koltani peke yake. Watu wanaingia kwa mashimo na sepetu na tochi ya kichwa, wanabeba gunia mgongoni. Sasa jiulize, serikali ya Kinshasa inauzaje kitu ambacho adui ndiye amekikalia? Anauza tumaini la kukirudisha. Na anayenunua tumaini anajua vizuri sana muuzaji hana pa kwenda.

Sisi Nairobi tusiangalie hii kama sinema ya jirani. Wanajeshi wetu walikuwa Goma kutoka Novemba 2022 mpaka Desemba 2023, na mwezi huohuo walitoka, Corneille Nangaa, aliyekuwa mkubwa wa tume ya uchaguzi ya Kongo, alikaa kwa hoteli hapa hapa Nairobi akatangaza muungano wake na M23. Hapa mjini. Mimi siku hiyo nilipita karibu na hapo nikienda kuchukua skrini za simu, sikujua kitu.

Na tuko na mawe yetu. Mrima, kule Kwale, kuna niobiamu na madini adimu, kuna watu wa hapo ambao msitu huo ni kaya yao, mahali pao patakatifu, na wageni wa kila nchi wameshapita kuangalia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 71, inasema mikataba ya kutoa haki ya kuchimba rasilimali za asili lazima ipitishwe na Bunge. Hatuko vitani. Dripu hatuna, basi huu ndio wakati wa kubishana, wakati mtu akileta karatasi unaweza kumwambia rudi wiki ijayo na uiandike kwa Kiswahili wazee wa Kwale wasome. Wabunge wetu wakipitisha mkataba wa madini saa tano usiku na nusu ya viti viko wazi, mimi nitaona ni kama wamejilaza kitandani wenyewe na hawaumwi.

Yule mama laptop yake iliwaka. Nilitoa kapasita kwa bodi nyingine iliyokufa nikamchomea, nikaangalia ule mstari mara mbili. Akalipa, akauliza kama kuna mahali hapo Luthuli atapata kadi ya simu ya kupigia Burundi bei nafuu, juu amesikia watu wengi wa Uvira walivuka huko na labda dada yake yuko kambini.

Usiku nikampigia baba mdogo. Bado anatembea, bado anapita hapo kwa lami kila siku, siku hizi kuna fleti za orofa nne. Nikamuuliza kitu sijawahi muuliza miaka hii yote, kama ingekuwa leo angeweka kidole. Alinyamaza kidogo, nikasikia redio yake huko nyuma.

"Ningeweka," akasema. "Nilikuwa nakufa, mwanangu. Lakini ningeambia yule wakili aandike kliniki."