Jeli ya baridi

Jana binti yangu alichovya kidole kwenye kopo la jeli ya nywele akanipaka mkononi. Ule ubaridi tu, na mzee wa soko la Kongowea, Mombasa, akanirudia mzima mzima: kalala kifudifudi kitandani, fulana imepandishwa hadi mabegani.

Alikuwa hamali. Magunia ya viazi yalikuwa yamemharibu kiuno, na mara mbili kwa wiki alivuka Daraja la Nyali kuja kwetu, kliniki ya fiziotherapia, kupakwa jeli na kuzungushiwa altrasaundi kiunoni: mashine ya mawimbi ya sauti ya kutuliza maumivu, si ile ya kupiga picha. Siku ya kuja kwetu habebi, na asipobeba halipwi. Nililijua hilo.

Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, nilikuwa nimeshausoma: maumivu ya kiuno, usitumie altrasaundi, mhimize mgonjwa ajisogeze, afanye mazoezi, aendelee na shughuli zake. Nilimpelekea mkubwa wangu wa kazi. Hakuwa mtu mbaya, kazi ya mikono nilijifunza kwake. Akasema, "Wagonjwa wangu wanapona." Kweli wengi walipona, lakini maumivu mapya ya kiuno mara nyingi hutulia yenyewe kwa wiki chache, na sifa ikachukuliwa na mashine. Nikanyamaza. Foleni ilikuwa ndefu. Mashine ni dakika tano, kumtoa mtu hofu na kumfundisha mazoezi ni nusu saa.

Mara ya sita, nilipomwaga jeli, ngozi yake ikasisimka. Begani alikuwa na sugu, nyeusi, pana kama kiganja. Akauliza bila kugeuza kichwa, "Mwanangu, hiki kidude chafanya nini humo ndani?"

Mkono wangu ukasimama. Jeli ikawa inateremka taratibu kuelekea ubavuni.

"Baba, sidhani kama chakusaidia."

Akainuka polepole, akachukua kitambaa, akajifuta, akakikunja mara nne.

"Na wewe wajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nikamwonyesha mazoezi. Akayafanya mara mbili, kwa heshima tu, akaenda dirishani kulipa. Hakurudi tena.

Daktari David Sackett na wenzake waliandika mwaka 1996 kwamba tiba yenye ushahidi huunganisha utafiti, ujuzi wa tabibu na anachokichagua mgonjwa. Mimi na mkubwa wangu tulishindana kwa yale mawili ya kwanza. Mzee hakuna aliyemuuliza.

Nikipita Kongowea huwa nawatazama mahamali. Nauli za mara sita, kwenda na kurudi: ningependa kumrudishia hizo kwanza, ndipo tuzungumze kiuno.